Bibi Fusae Nakade na Maji Asiyoyaona

Marehemu Bibi Fusae Nakade alizaliwa tarehe 11 Februari 1941 katika kijiji cha Shiramine, akiwa mtoto wa nne wa mchoma makaa Mzee Yokichi Oda na mkewe Bi Kiyo. Siku hiyo theluji ilikuwa imefunika mlango wote, mkunga akapanda ngazi na kuingilia dirisha la ghorofani. Bibi alipenda kututania sisi wajukuu tuliozaliwa hospitali. "Nyie mlipokelewa mlangoni," alisema. "Mgeni wangu wa kwanza mimi aliingilia dirishani."

Alisoma shule ya kijijini na kumaliza masomo ya kati Machi 1956, akiwa wa kwanza kwa hesabu. Mwalimu wake alitembea saa mbili kwenye theluji kuja kumwomba baba mtu amwache mtoto aendelee. Baba akampa chai na figili za kuchachusha, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mwenye akili hata makaa huyachoma vizuri." Mambo yakaishia hapo. Bibi alikuwa nyuma ya mlango wa karatasi, anasikia yote.

Aprili ya mwaka huohuo aliteremka mjini Kanazawa na kufanya kazi miaka saba katika kiwanda cha hariri. Tarehe 3 Novemba 1963 aliolewa na Bwana Kisaburo Nakade, mtunza bustani wa nyumba ya akina Asanuma, aliyemtangulia mwaka 2006. Walijaliwa watoto wawili, baba yangu Shigeki na shangazi yangu Yasuyo.

Aprili 1966, mwaka uleule Bi Asanuma wa sasa alipoingia nyumba ile kama bibi harusi, Bibi naye alianza kazi pale, kupitia mlango wa nyuma. Kazi yake ilikuwa koke, yale majani mafupi laini kama manyoya ya kifaranga yanayotambaa juu ya udongo wenye unyevu. Alipiga magoti akang'oa magugu moja moja kwa kijiti cha mwanzi, uso chini, mgongo kwenye nyumba. Aliifanya kazi hiyo miaka hamsini na mmoja.

Bustani yenyewe ilijengwa mwaka 1837 na Asanuma wa kwanza, mfanyabiashara wa mchele, na ilichukua miaka saba. Ua wa nyuma umekatwa chini ili mlima Utatsu uonekane kama nao umo ndani. Wenyewe wanasema wameuazima mlima. "Karibu miaka mia mbili," Bibi alisema, "na hawajaurudisha." Mawe makubwa yalivutwa majira ya baridi, kwa sababu jiwe huteleza vizuri juu ya theluji. Kubwa kuliko yote, lenye mshipa mweupe, lilitoka kwenye mto wa bonde la kwao Bibi, kwa hiyo alilisalimia kila asubuhi kama mtu wa nyumbani. "Sote wawili tuliletwa mjini kufanya kazi," alisema. "Mwenzangu amepata ya kusimama tu."

Jiwe hilo ndilo lililoifanya bustani ijulikane. Pale hakuna maji yanayoporomoka hata tone, lakini ukiketi chumba kikubwa, kwenye mkeka wa tatu mbele ya nguzo, ule mshipa mweupe unakuwa maji yanayoshuka. Ukisogea hatua mbili, unabaki na rundo la mawe. Waliolipanga walimpangia mtu mmoja, aliyeketi mahali pamoja. Bibi alikuwa anang'oa magugu chini ya jiwe hilohilo. Wageni walipokuja, kengele ililia mara mbili, naye akajificha nyuma ya kichaka mpaka waondoke. Alipokuwa huko aliwasikia wakishusha pumzi na kusema, tazama maji. Siku moja alimuuliza Babu.

"Baba Shigeki, maji gani hayo?"

"Ya pale kwenye jiwe."

"Mimi niko pale kutwa nzima, hata goti halijalowa."

"Aliye pale hayaoni."

"Nani anayaona?"

"Aliyeketi."

Kazi yake nyingine ilikuwa kufunga mawe ya kuzuia. Ni jiwe dogo la kujaa mkononi, linafungwa kwa kamba nyeusi ya nyuzi za mtende na kuwekwa katikati ya njia. Halisemi kitu, lakini kila mtu anajua hapo hapapitwi. Jiwe moja lilikaa siku zote kwenye njia panda, kwenye tawi linalokwenda barazani kwa chumba kikubwa. Fundo la Bibi lilikuwa zuri mno, hata watunza bustani wa nyumba nyingine walikuja kulitazama.

Kila Desemba, siku ya mwisho ya kazi, Bi Asanuma alitoka barazani.

"Bi Fusae, ingia ndani tunywe chai."

"Ah, asante sana, magoti yangu yana udongo."

"Ingia, hata kidogo tu."

"Nisiwasumbue."

Hapa kwetu kila mtu anajua: karibu ya kwanza ni adabu, ya pili ni adabu pia, ya tatu ndiyo karibu yenyewe. Anayeitikia ya kwanza hana malezi. Bibi alikuwa na malezi. Kwa hiyo alikataa mara mbili na kusubiri, na Bi Asanuma aliinama, akampa boksi la keki za maharagwe, akafunga mlango. Nimepiga hesabu. Karibu zake zote ni mia moja na mbili, na kila moja ni ya kwanza au ya pili.

"Mama, si ungesema ndiyo tu?" shangazi alimwambia mwaka mmoja.

"Nimjibu nani? Hajaniita."

Bustani ilipofunguliwa kwa watu wote mwaka 2009, baba alitaka kumkatia tiketi. Alikataa. "Nilipe nikaone kazi yangu mwenyewe?"

Mei 2022 shule yetu ilikwenda kule, nami nikaketi kwenye mkeka wa tatu. Nilikuwa nimezoea kufikiri watu wazima wanadanganyana kuhusu yale maji. Sivyo. Yalishuka kweli, na yalipofika chini yalitulia kwenye bwawa la kijani. Nilikimbia mpaka nyumbani.

"Bibi, nimeyaona."

"Yakoje?"

"Yanashuka, halafu yanatulia chini kwenye bwawa."

"Hakuna bwawa pale."

"Lipo. La kijani."

"Hiyo ni koke yangu," alisema. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana ya ile kengele. Mtu hawezi kupiga magoti katikati ya bwawa." Akaenda kuosha mchele.

Magoti yalikuwa yamemwachisha kazi tangu Machi 2017. Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Tarehe 8 Juni, baada ya mvua, aliomba apelekwe akaione koke ikiwa imelowa. Baba alikata tiketi bila kumwambia, tukamwingiza na kiti cha magurudumu kwa mlango wa mbele, mara ya kwanza katika maisha yake. Kwenye njia panda tulikuta jiwe la kuzuia limefungwa kwa kamba ya plastiki. Bi Asanuma alikuwa barazani na fimbo yake, akamwona.

"Bi Fusae. Siku nyingi. Ingia ndani tunywe chai."

"Asante sana. Kiti hiki kitaharibu mikeka yenu."

"Ingia, hata kidogo tu."

"Nisiwasumbue."

Nilimtazama Bi Asanuma mdomoni. Aliinama, chini sana, kuliko nilivyowahi kuona mtu akimwinamia Bibi. Kisha akageuka akaingia.

"Mama, twende tukaketi," baba alisema. "Tumelipa."

"Nipe hilo jiwe," Bibi alisema.

Alifungua ile plastiki, akatoa kamba nyeusi kwenye mfuko wake, maana hakuwahi kuacha kutembea nayo, akalifunga upya juu ya mapaja yake. Fundo lilitoka zuri kama zamani. Akanipa mimi. "Rudisha palepale." Nikalirudisha katikati ya njia. Mpaka leo sijui kwa nini nilitii.

Bibi alifariki hospitalini tarehe 3 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na mitatu. Baba alipoisoma karatasi hii kabla haijachapwa, aliniambia niandike kazi ya Bibi, nisiandike chai. Nilijaribu. Kila nilipoandika kazi, chai ilikuwa palepale.

Ameacha watoto wawili, Shigeki na Yasuyo. Wajukuu watatu, Daigo, Chinatsu na mimi Kotoha. Na mdogo wake, Bi Sue wa Shiramine. Ameacha pia jiwe la kwao, ambalo bado linasimama, na koke, ambayo sasa inapuliziwa dawa na kampuni mara mbili kwa mwezi na imeanza kuwa ya njano pembeni. Nyumba ya Asanuma imeleta shada la maua kubwa kuliko yote. Familia inashukuru.

Leo, tarehe 17 Novemba, tumekuja kuiweka mifupa yake, iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, kaburini kwa akina Nakade. Babu yumo tayari, na mlango uko wazi.

Bibi, ingia ndani upumzike.

Ingia, hata kidogo tu.

Tunajua umeshasema hutaki kutusumbua. Bibi, ingia. Keti kwa amani.