Alinanuswe Mbonile na Kapu la Wazee

Baada ya miaka ishirini na saba katika studio yetu hapa Tunduma, Bi. Alinanuswe Mbonile anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2014. Sisi wapiga picha tunabaki yatima, na tunasema hivyo bila aibu.

Alikuja mwaka 1987 kutoka Ileje, akapewa chumba cha giza. Enzi hizo picha nyeusi na nyeupe alizisafisha mwenyewe, mikanda ya rangi ikapanda basi kwenda Mbeya, na waliofunga ndoa Pasaka waliweza kuziona picha zao bibi harusi akiwa tayari mjamzito. Bahasha zilichanganyika kila wiki. Siku dereva mmoja wa lori alipokabidhiwa picha za ubatizo wa watu wa Galula, Dada Alina akaweka sheria: mkanda hauvuki mlango wake bila jina, tarehe na namba. Danford, ambaye ndiye anayeandika haya, alirudishwa mara tatu kwa siku moja. Alinuna, kisha akanunua kalamu.

Kamera za dijitali zilipoingia tulidhani zitamshinda. Wapi! Tulikuwa tukileta picha mia nane za harusi moja na kuzirekebisha moja moja hadi macho yanauma. Yeye akatupa njia yake: nakili kadi, pitia picha zote mara moja bila kugusa rangi, futa mbovu palepale maana kompyuta ina nafasi kiduchu, rekebisha moja ya kila mahali, kisha zipe zilizobaki mwanga uleule. Kazi ya wiki tatu ikawa ya siku mbili. Na mbovu kwake ilikuwa mbovu: iliyotikisika, iliyokatwa kichwa, ya aliyefumba macho. Hakuwa na huruma hata kidogo.

Ndipo alipokuja Mayala. Ilikuwa mwaka 2010. Mfugaji huyu alitoka Kamsamba kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, siku chache baada ya kumzika mama yake, Bi. Shani. Marehemu hakuwahi kupigwa picha isipokuwa kwenye harusi ya mwanawe huyo, na sisi ndio tulioipiga. Mayala alitaka uso wa mama yake tu. Alina alitafuta tangu asubuhi hadi tunafunga, ingawa alikumbuka vizuri: mama yule alipigwa mara mbili, mara zote mbili akafumba macho. Alizifuta mwenyewe. Kilichopatikana ni mkono wa mama begani mwa bwana harusi, ukingoni mwa picha. Mayala aliupokea mkono ule, akashukuru kwa heshima, akaondoka. Alina alilia mbele yetu wala hakujitetea.

Kesho yake aliongeza folda, akaiita Kapu la Wazee. Picha yenye mzee haifutwi, hata kama imetikisika, hata kama kafumba macho. Wapo waliolalamika kuwa inatuchelewesha. Aliwajibu kwamba haraka ni ya kwetu, mzee ni wa wenyewe. Tangu hapo wamekuja wafiwa kumi na wanne, na wote wameondoka na sura.

Jumatatu iliyopita Mayala alirudi kumuaga, akiwa na mkewe, gunia la mchele na binti wa miaka miwili aitwaye Shani. Alisema ukoo mzima unakubaliana kwamba mtoto huyo ni bibi yake mtupu, akaomba Alina mwenyewe ashike kamera. Alipiga arobaini. Mtoto aligeuka, akapiga chafya, akafumba macho, akataka kula kamba ya kamera. Kisha tukamkalisha Alina kwenye kompyuta achague, iwe ndiyo kazi yake ya mwisho. Alizipitia zote mara moja, kama alivyotufundisha, akainuka. Hakufuta hata moja.

Asante, Dada Alina. Mungu akupe afya na siku nyingi za raha huko Ileje.