Spana ya Nusu Inchi

Kijiwe chetu ni viti vitatu vya ndege vilivyong'olewa na benchi moja bovu, vimepangwa nje ya banda hapa Lincolnshire, upande ambao upepo wa mashamba ya kabichi hauingii kwenye chai. Bibi yetu ni Shackleton, ndege ya zamani ya doria ya baharini, injini nne, kila injini na panga boi mbili zinazozunguka kwa kupingana. Tumemkarabati mpaka nywele zimetutoka. Iliyotutesa ni injini ya tatu, na aliyeikeshea ni Cyril, fundi wetu mkuu. Alhamisi tulimzika Cyril. Leo Jumamosi ndiyo siku aliyoipanga mwenyewe ya kuiwasha, na mjane wake, Enid, anakuja kuisikia kabla binti yake hajamchukua mchana huu kwenda kuishi naye Uskoti. Basi asubuhi tukamvuta bibi nje, na Jaji akaanza kuita vifaa kama ilivyo desturi yetu. Kila kifaa kina umbo lake lililochorwa kwa rangi nyekundu ubaoni. Jaji anaita, sisi tunaitikia "ipo". Alipofika spana ya nusu inchi, umbo lilikuwa tupu.

Jaji jina lake ni Neville, polisi mstaafu, mtu asiyecheka mpaka aandikiwe kibali. Akaketi na kikombe chake.

JAJI: Hatuwashi. Kanuni ya Cyril mnaijua. Injini haiwashwi mpaka ijulikane kila kifaa kilipo.

MIMI: Shemeji Enid yuko njiani, Jaji.

JAJI: Najua. Na spana ikiwa imesahaulika mle ndani, injini ikizunguka mara moja tu, kwisha habari. Injini nyingine utaitoa wapi?

PROFESA: Haba na haba hujaza kibaba, jamani.

Huyu alifundisha kemia miaka mingi. Anapenda methali kuliko mkewe, na hajawahi kuitumia hata moja mahali pake.

JAJI: Hiyo inaingiaje hapa?

PROFESA: Leo spana, kesho nyundo, keshokutwa banda zima limehama.

TEMBO: Mimi nasema haimo kwenye injini. Tuwashe tu.

Tembo ni Horace, jitu la kilo mia na ushee, moyo wa siagi. Leo hakugusa hata biskuti, nami nilishangaa.

JAJI: Umejuaje haimo?

TEMBO: Kunguru. Kuna kunguru pale kwenye paa, anapenda vitu vinavyong'aa.

MIMI: Ile spana ina grisi ya tangu vita. Ing'ae na nini?

TEMBO: Basi ni kunguru mpenda grisi.

PROFESA: Achana na kunguru. Ni wale wenzetu wa Yorkshire, wanaokarabati ndege kama yetu. Walikuja kutuamkia, wakala keki yote, na yule mwenye ndevu alisimama sana mbele ya ubao. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

JAJI: Walikuja mwezi uliopita. Jumatano jioni niliita vifaa, na spana iliitikiwa.

PROFESA: Wana ufunguo bandia. Wanaogopa injini yetu itanguruma kabla ya yao.

TEMBO: Au radi. Jana ilipiga radi, sivyo? Radi inaigeuza ardhi kuwa sumaku. Inavuta chuma, chuma kinazama. Mimi sitashangaa ikiwa spana hiyo iko futi sita chini sasa hivi.

MIMI: Radi imechagua spana moja, ikaacha ndege ya tani thelathini?

TEMBO: Radi haina utaratibu.

JAJI: Tunafungua injini. Yote. Atakayelalamika anikabidhi ufunguo wake wa banda.

Hapo nilikasirika, nasema kweli. Kuifungua ni kazi ya wiki, na Enid angekuwa Uskoti akisikiliza kondoo. Lakini Jaji hatanii. Anayetoka na kifaa nje ya banda harudi tena. Cyril alishamfukuza shemeji yake mwenyewe kwa ajili ya bisibisi.

PROFESA: Kikulacho ki nguoni mwako. Tupekuane mifuko.

Tukapekuana. Kwa Tembo tulikuta leso na nusu ya soseji. Alijimwagia chai kiatuni.

Gari likasimama. Enid akashuka na koti lake jeusi na kopo la keki ya tangawizi. Tukasimama wote.

ENID: Mbona kimya? Nilidhani nitaisikia tangu barabarani.

JAJI: Tusamehe, shemeji. Kuna spana imepotea. Ya nusu inchi, ina utepe wa kijani.

Enid akamtazama Tembo, akamtazama tena.

ENID: Horace, si ndiyo ile uliyomtia Cyril mfukoni mwa koti kabla jeneza halijafungwa? Ulidhani nimefumba macho nasali.

Tembo akaketi, benchi likalia.

TEMBO: Nilimwona amelala na suti, mikono mitupu. Cyril, mikono mitupu. Sikuweza, shemeji. Kisha nikaogopa. Nikifukuzwa hapa, niende wapi?

ENID: Sasa, Neville, unasemaje? Nikamwambie Cyril airudishe?

Jaji akakiweka kikombe chake chini.

JAJI: Kanuni haisemi kifaa kirudi. Inasema ijulikane kilipo. Kiko wapi?

MIMI: Kwa Cyril.

JAJI: Basi kinajulikana.

TEMBO: Na mimi je?

JAJI: Aliyetoka nacho ni Cyril, na yeye ndiye harudi. Wewe chukua kizimamoto, usimame pale.

Akapanda ndani ya ndege. Panga boi zikajivuta, injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Ikakohoa tena, ikashika, ikanguruma mpaka vikombe vikacheza kwenye benchi. Nilimkumbatia Profesa, nikaona anapiga kelele ya methali, na kwa rehema za Mungu sikuisikia. Tembo alilia huku amekumbatia kizimamoto. Enid alisimama kwenye upepo wa panga boi, koti linapepea, akicheka kwa sauti ambayo hatukuweza kuisikia, tuliiona tu. Hakukubali kuondoka mpaka Jaji alipoizima mwenyewe.

Jioni tukamrudisha bibi bandani, Jaji akaita vifaa kama kawaida. Nyundo. Ipo. Koleo. Ipo. Akafika kwenye lile umbo tupu, akakohoa kidogo.

JAJI: Spana ya nusu inchi.

TEMBO: Ipo.

Jaji akafunga hesabu.