Mama Tarehe na Barua Iliyokosa Siku ya Kurudi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya ustawi wa jamii, Mama Tarehe anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Miaka kumi na minne kati ya hiyo nimekaa meza inayotazamana na yake, kwa hiyo nikimsifu naijua kazi yake, na nikimtania nina haki.

Alianza akiwa binti mkali ajabu. Jumapili aliwafundisha watoto kanisani kwamba Mungu akiadhibu hana mchezo. Jumatatu alikuja kuwaonyesha wazazi kwa vitendo. Mlevi mmoja, kumwona tu anakuja, aliruka dirisha la nyumba yake mwenyewe, na mlango wa nyuma uko wazi.

Mwaka wa nne alimwandikia fundi mwashi mmoja, aliyekuwa akimpiga bintiye kwa mkanda, barua ya kumwamuru aondoke nyumbani. Fundi akafunga virago bila ubishi. Mwenzetu naye akafunga faili, moyo kwatu.

Miezi kumi na mmoja baadaye binti yule, wa miaka tisa, aliingia ofisini peke yake na sare ya shule, akauliza adhabu ya baba yake inaisha lini. Faili likafunguliwa. Kumbe barua ilisema aondoke, basi. Mwenzetu alikusudia siku tisini, akasahau kuziandika.

Alizunguka penye ujenzi siku kumi na mbili, hadi akamkuta fundi mji wa jirani akikoroga zege. Barua ilikuwa mfukoni, imekunjwa mpaka imechanika. Aliamini amefukuzwa maisha. Alipofikishwa kwake, kitinda mimba alimwamkia kama mgeni, na mwenzetu akalia palepale mlangoni, majirani wakitazama.

Tangu hapo kila barua yake ilikuwa na tarehe mbili: ya mtu kuondoka, na ya yeye mwenyewe kumfuata alipo na, akiwa ametulia, kumrudisha kwa watoto wake. Jina la Mama Tarehe lilitoka huko. Hakuwahi kukosa, mara moja alikwenda na mguu umefungwa plasta. Ukali haukupungua hata chembe.

Watoto wa Jumapili nao walibadilishiwa somo. Mwenyewe husema familia hizi ndizo zilizomfundisha: Mungu huadhibu, tena inauma, lakini siku ya kukufuata anayo, na hatumi mtu. Mimi si mtu wa dini sana, ila hilo limenikaa.

Juzi niliisoma barua yake ya kustaafu kabla haijapigwa muhuri. Ilikuwa na siku ya kuondoka tu. Niliirudisha kwa mkuu wa ofisi, na sasa chini imeongezwa: Jumamosi, tarehe 8 Julai, saa nne asubuhi, tutakufuata kwako. Yule fundi, mzee sasa, ameomba nafasi kwenye gari.

Asante kwa yote, Mama Tarehe. Tunakuombea siku njema, tena nyingi, na Jumamosi hiyo usitoke.