Jumatano za Mwalimu Frieda Marder

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Hersh, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome haya, ingawa mwenyewe angeyapitia kwanza kwa kalamu nyekundu.

Marehemu Frieda Marder alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 mjini Scranton, Pennsylvania, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani Mendel Zuckerbrot na mkewe Gitl, aliyefika Marekani peke yake baada ya Wanazi kuwamaliza ndugu zake wote. Alisoma hapahapa mjini, akahitimu ualimu wa hisabati mwaka 1973, akaanza kazi mwaka huohuo katika sekondari ambayo hakuihama hadi alipostaafu. Tarehe 6 Juni 1976 alifunga ndoa na Irving Marder, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa binti mmoja, Dvora, tuliye naye hapa.

Jumatatu ya tarehe 16 Oktoba 2017, akirudi kazini baada ya sikukuu zetu za Kiyahudi, alikuta mlango wa darasa lake unanuka rangi mbichi, akapitisha kidole, akaigusa alama ya Wanazi iliyochongwa kwa ncha ya bikari, kwani rangi haizibi mchongo. Mkuu wa shule, mtu wa funika kombe mwanaharamu apite, alikuwa amekwisha kuwaandikia wazazi kuhusu "uharibifu wa mali", basi. Ilipojulikana kwamba aliyechonga ni Colleen Hatcher, msichana wa miaka kumi na mitano ambaye Frieda alikuwa akimfundisha hesabu za sehemu kila Jumatano baada ya masomo, shule ilimfukuza siku ya tatu, ikampiga marufuku kukanyaga getini. Frieda aliumia, tena sana, lakini alimwendea mkuu akamwambia, "Umemtoa kabla sijamuuliza kwa nini, sasa nani atamfundisha?" akajibiwa, "Mwalimu, tumekulinda wewe, hebu tuyaache."

Hakuyaacha. Barua tatu alizomwandikia Colleen ziliishia kwenye droo ya ofisi ya shule bila kutumwa, na kila Jumatano hadi alipostaafu Juni 2019 alibaki darasani mpaka saa kumi na moja jioni, akininunia nikimwambia, "Dada, huyo haji." Nakiri nilimwonea wivu mtoto yule, kwa jinsi dada alivyotamani arudi.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 11 Februari 2024, saa tatu asubuhi, na hata wiki ile ya mwisho aliuliza kama kuna aliyepiga simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani walioleta supu hadi friji ikakataa kufungika.

Asubuhi hii alibisha hodi mwanamke kijana, akataja jina lake, akauliza kama amechelewa, nikamjibu kwamba ndiyo, amechelewa, lakini aingie. Colleen, kwetu beleshi la kaburini halikabidhiwi mkono kwa mkono, kila mtu hulichomeka udongoni na anayefuata hulichomoa mwenyewe, kwa hiyo hakuna atakayekupa, wala atakayekunyima.

Pumzika sasa, dada yangu, mwanafunzi wako yuko mstari wa nyuma.