Karate ya Ukumbini na Karate ya Gereji

Benchi lenyewe zamani lilikuwa mlango. Mwenye nyumba alihama, mlango ukabaki, watu wakaulaza juu ya matofali mbele ya duka la kinyozi, na komeo lake halijang'olewa mpaka leo, ndiyo maana anayekaa mwisho wa kushoto hukaa upande upande kama mwenye jipu. Pale mwisho ndipo mahali pa Breki, dereva wa basi aliyestaafu. Katikati hukaa Kamusi, aliyekuwa karani wa posta, mtu wa kusoma kila kilichoandikwa hata kama ni gazeti la kufungia sabuni. Wembe, kinyozi mwenyewe, hukaa akiwa hana kichwa cha kunyoa, na mara nyingi hana. Birika, muuza kahawa, hakai kabisa, anazunguka na vikombe vyake. Ng'ambo ya kichochoro, hatua nne tu, kwenye kibaraza chenye kivuli, kuna cherehani ya Mama Pindo. Yeye hajawahi kukalia ule mlango hata siku moja, lakini halisemwi neno pale lisilopita kwenye sindano yake.

Siku hiyo Mama Pindo alikuwa na jambo limemkaa kooni tangu Jumatatu. Binti yake anakanda unga kwenye kiwanda cha mikate na hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Alhamisi iliyopita mwanamume fulani alimshika mkono njiani, juu ya kiwiko, hakusema kitu, akamwachia, akacheka. Jumatatu akamshika tena, na safari hii hakumwachia upesi. Binti hakulia. Alirudi jioni akala, akaosha sahani, ndipo akamweleza mama yake, na akasema anataka kujifunza kupigana. Tena siyo ile ya kupunga mikono hewani, alitaka karate ya kugongana mifupa.

Mtaani madarasa ya namna hiyo yalikuwa mawili. Ukumbini mwa shule wanafundisha Kyokushin, nyuma ya gereji ya matairi wanafundisha Kudo. Yote mawili yalikuwa yanaandikisha wapya leo saa kumi jioni, na mtu hawezi kuwa kwenye foleni mbili. Leo binti alikuwa zamu ya mapumziko. Kabla hajajilaza alisema, mama, wewe si unashinda na wale wazee, wanajua kila kitu, hebu waulize.

Basi saa nane, watu walipokuwa kwenye kikombe cha pili, Mama Pindo akainua mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza.

— Jamani. Mtu akitaka kujifunza karate ya kupigana kwelikweli, aende ukumbini au aende gereji?

— Mtu gani? akauliza Breki.

— Mtu tu, shemeji.

Hakusema zaidi. Angesema, kabla ya magharibi mtaa mzima ungekuwa unabishana ulishikwa mkono wa kulia au wa kushoto.

Kamusi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na waliomzoea wakajua hapo hakuna kuondoka. Alianza na Kyokushin. Alisema hiyo ndiyo baba yao wote, watu wanapigana mikono mitupu, hakuna glavu wala sponji, ngumi ya kifua ni ngumi ya kifua, teke la paja likikupata unapanda ngazi kwa kukaa wiki nzima. Haya alikuwa ameyasoma kwenye kitabu. Kitabu hicho wote wanakijua, kwa sababu amekuwa nacho tangu enzi za posta. Kilikuja kwenye kifurushi kilichochanika, kisicho na anwani, nusu yake ikiwa imebaki huko kilikotoka. Kinakwisha ukurasa wa sitini na nne. Mapigo yote yamo. Namna ya kuyazuia ilikuwa inaanza sitini na tano.

Wembe akamwacha amalize, akamuuliza kama ni kweli kwamba hao mabingwa wake ni marufuku kumpiga mwenzao ngumi ya uso. Kamusi akakubali, kwa shida, kwamba ndivyo sheria ilivyo, ila teke la kichwa ni ruksa. Wembe akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye kazi yake ni vichwa, miaka ishirini na mbili anavishika, na alisema anachokijua ni kwamba mwanadamu mzima yuko pale kidevuni, mguse kidevu kidogo tu kwa wembe uone atakavyokuwa mpole. Sasa mtu anayejifunza kupigana huku kidevu cha adui amekisamehe, huyo anajifunza nini? Waende gereji. Wale wa Kudo wanavaa kofia ngumu yenye kioo mbele, wanapigana ngumi za uso, wanashikana nguo, wanabebana, wanaangushana chini na huko chini hawaachani.

Kamusi akauliza kama barabarani watu wanatembea na kofia zenye vioo. Wembe akauliza kama barabarani watu wanatoa ahadi ya kutokupiga uso.

Mama Pindo alisikiliza akiwa ameshika uzi mdomoni. Mpaka hapo aliona wanasema ya maana, akapata matumaini. Marehemu mama yake alikuwa akisema wanaume wakianza mazungumzo wasikilize mapema, wakishapata joto hawamzungumzii tena yule aliyewauliza. Sauti ile ilimjia hivi hivi, kavu, na kikohozi chake mwishoni.

Na kweli joto likapanda. Breki, aliyekuwa hajapata zamu, akasema wote wawili wamepotea njia, mtindo wenyewe ni Ashihara. Huko hawasimami mbele ya pigo kama nguzo. Pigo likija wewe unateleza ubavuni, unakuwa nyuma yake kabla hajajua uko wapi. Wembe akamuuliza hiyo inafundishwa wapi hapa mjini. Breki akasema haifundishwi, na hiyo ndiyo dalili ya ubora wake. Akaendelea kusema kuwa kwa kweli yeye mwenyewe ameifanya miaka thelathini bila kuvaa mkanda, kwa sababu kukwepa ngumi na kukwepa shimo barabarani ni ujuzi mmoja, na shimo ndilo gumu zaidi kwa kuwa halitoi ishara.

Kamusi hakukubali kupitwa. Akaleta habari ya mabingwa wa Kyokushin wanaosimama kupigana na watu mia kwa siku moja, mmoja baada ya mwingine. Breki akapiga hesabu kwa kichwa akasema mia ni mabasi mawili yaliyojaa, na yeye kwa uzoefu wake abiria mia hawakai foleni, watagombana wao kwa wao, bingwa atabaki amesimama bila kazi. Kamusi akasema basi huo ndio ushindi. Akasema tena kuna pigo lisiloumiza siku ile, linakaa tumboni kimya, mtu anakula, analala, siku ya tatu anaanguka akiwa anafunga kiatu. Wembe akataka kujua lipo ukurasa wa ngapi. Kamusi akasema hayo hayaandikwi.

Wembe naye akafika kwenye nywele. Alisema wapiganaji wanashindwa kwa sababu ya vinyozi wabaya. Kichwa kilichonyolewa vizuri, kikapakwa mafuta, ngumi haikai, inateleza na kwenda zake. Kama angepewa wanafunzi wa gereji mwezi mmoja tu awanyoe yeye, kofia zile wangezitupa. Birika alimimina kahawa akamwangalia usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Saa tisa ilikuwa imeshapita. Mama Pindo akaona wakimaliza watakuwa wamefika kwenye ndevu.

— Mimi najua jambo moja tu, akasema. Nguo zao zote wananiletea mimi kushona.

Wakageuka. Akawaeleza kama anavyoeleza mteja. Suruali za ukumbini zinafumuka katikati ya mapaja, kwa sababu ya kurusha miguu, na koti zake zinachakaa kifuani lakini kola inabaki nzima, mwenyewe anaweza kumwachia mdogo wake akavaa. Koti za gereji ni nzito kama turubai na bado zinakuja zimechanika hapa kwenye kola, na hapa kwapani, na mkono mara nyingi umeng'oka kabisa. Yeye huzishona mara tatu na bado zinarudi.

— Sasa mimi ambaye sikusoma, naona hawa wa ukumbini hawashikani. Hawa wa gereji wanashikana, tena kila siku. Kama mtu shida yake ni kushikwa…

Hakuimaliza. Kamusi alikuwa amesharuka. Alisema hiyo ni hoja ya kitambaa, siyo ya karate. Mtindo unaochana nguo, alisema, ni mtindo wa watu wasio na nidhamu, na akamwomba shemeji asichanganye ushonaji na sayansi ya mapigano. Breki akasema kwenye Ashihara nguo haichaniki kamwe. Wembe akamjibu kwamba ni kweli, kwa kuwa hakuna anayeivaa. Wakarudi kwenye watu mia.

Mama Pindo akarudisha mguu kwenye kanyagio. Hakukasirika. Alichoona ni kwamba amewauliza hawa watu kwa sababu alikuwa anaogopa kujibu mwenyewe. Akikosea yeye, mkono utakaoshikwa ni wa mwanawe.

Binti alitokea saa kumi kasoro robo, amevaa raba, ameshafunga nywele. Alikuwa na mabega ya mtu anayenyanyua magunia ya unga, na bado mama yake alimwona mdogo.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu, wakaitikia pamoja, na Breki akasogea ampe nafasi upande wa komeo.

Hakukaa. Alimtazama mama yake, mama yake akainamia sindano, binti akaelewa kwamba jibu halijapatikana. Basi akawageukia mwenyewe, na yale mama yake aliyoyaficha mchana kutwa akayasema kwa maneno machache, bila kushusha sauti: kuna mtu hunishika njiani nikienda kazini. Akanyoosha mkono wa kushoto, akapandisha shati. Juu ya kiwiko zilikuwa alama nne, zimeanza kugeuka manjano.

— Hunishika hapa, akasema. Nifanye nini?

Kamusi aliuangalia mkono kama barua iliyoandikiwa mtu mwingine. Akasema kwanza inategemea adui amesimama vipi, na Breki akainuka kuonyesha, akajaribu kuteleza ubavuni, mguu ukakanyaga kikombe, akamshika Wembe begani asianguke. Wembe akamwambia binti amtazame huyo mtu kidevuni. Amtazame tu? Wembe akasema ndiyo, kwa kuanzia.

Binti aliteremsha shati. Wala hakuwacheka.

— Nimewaelewa. Na najua kujifunza ni miezi, hata nikijiandikisha leo, kesho nitakuwa bado sijui kitu. Kwa hiyo nauliza ya kesho. Huyo mtu husimama chini ya tangi la maji, saa kumi na moja. Nani kati yenu atanisindikiza mpaka nipite pale tangini?

Mama Pindo aliinua macho kutoka kwenye kitambaa. Alijua hawa si watu wabaya. Mume wake alipofariki hawa ndio waliobeba jeneza, na Breki alilia kuliko ndugu. Akawatazama mmoja mmoja, akiomba moyoni mmoja aseme. Kamusi akavua miwani, lakini hakuifuta. Wembe alitazama ndani ya duka lake kana kwamba kuna mteja. Birika aliinamisha birika lake juu ya kikombe cha Breki, likatoa machicha ya kahawa tu.

— Tangi lipi? Breki akauliza.

Mtaa mzima tangi lilikuwa moja. Miaka thelathini aliegesha basi lake chini yake.

Binti akasema asanteni, akageuka. Mama Pindo akachomoa kitambaa kwenye sindano kabla mshono haujaisha, kitu ambacho hajawahi kukifanya mbele ya watu, akaifunika cherehani. Akavua utepe wa kupimia shingoni, akavaa viatu.

— Kesho nakusindikiza mimi, akasema. Twende sasa, gereji watafunga daftari.

— Mama, si ungebaki na kazi yako. Naijua njia.

— Najua unaijua. Na mimi najiandikisha.

Binti akasimama katikati ya kichochoro.

— Wewe, mama?

— Mguu huu umekanyaga chuma miaka thelathini na moja. Watanifundisha kuuinua.

Wakashika njia, mama mbele kidogo, akitembea haraka kama mtu anayeogopa asije akabadili mawazo. Hawakufika hata kwenye kona. Mama Pindo akamsikia Kamusi nyuma yao akikohoa, kisha akisema kwa upole kabisa kwamba kwa umri wa shemeji, na kwa magoti yale, ukweli ni kwamba Kyokushin ingemfaa zaidi, na Wembe akimkatiza kwamba hajui kitu, na benchi likilia walivyogeukiana.