Mwalimu Veridiana Bonifasi (1954–1996), Aliyetufundisha Jua Linavyofika Tumboni

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu Veridiana alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 kijijini Makote, Newala, mtoto wa kwanza wa Bibi Sijaona na marehemu Mzee Bonifasi. Mimi Dickson, ninayesoma, ndiye niliyemfuata ziwa. Alinibeba mgongoni kabla hajajua kusoma.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Makote, kisha sekondari Masasi, na mwaka 1975 akahitimu ualimu Mtwara. Alirudi Newala kufundisha sayansi, na hakuhama tena.

Somo alilolipenda kuliko yote ni safari ya nguvu ya jua. Muhogo unakula jua kwa majani yake, panya wa shamba anakula muhogo, na sisi, msicheke, tunamla panya. Kila inapohama kutoka kinywa hadi kinywa, nguvu nyingi inapotea njiani kama joto, wa mwisho anaambulia kidogo. Kiangazi kimoja aliwapanga wanafunzi mstari wapokezane maji kwa viganja. Wa kwanza alikuwa jani, wa mwisho chui, na chui alipata tone. Kesho yake akaja mzazi mmoja, Mama Sikudhani, ndoo tupu mkononi.

"Mwalimu, maji tunayafuata bondeni tangu alfajiri. Wewe unayamwaga kumfundisha mwanangu habari za panya?"

Dada aliomba radhi. Tangu siku hiyo alitumia mchanga.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na Ladislaus, fundi seremala wa Masasi. Walijaliwa Boni, na baada ya kungoja sana, Dorika.

Soko la korosho lilipofunguliwa kwa watu binafsi, walimu kadhaa waliacha chaki wakashika mizani. Mimi nilikuwa mnunuzi Tandahimba, nikamwita naye aje. Akanijibu, "Wewe nunua, mdogo wangu. Hawa watoto nimwachie nani?" Nilinuna wiki nzima, lakini alikuwa na haki.

Januari mwaka huu tumbo lilianza kumvimba. Hospitali walituambia ni saratani ya ini, turudi naye nyumbani. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa haikai kidoleni. Shemeji alimnywesha uji wa karanga kwa kijiko, naye akageuza uso.

"Baba Boni, mpe Dorika. Yeye anakua. Kwangu unapotea bure."

Tulimbembeleza wote, hakusikia. Shemeji, mtu asiyejua kupandisha sauti, akamwambia, "Mama Boni, mimi si mwanafunzi wako. Kunywa." Dada akacheka kidogo, akanywa vijiko viwili. Kesho yake asubuhi, Jumanne tarehe 11 Juni 1996, alitutoka.

Dada alikuwa mwalimu hodari, lakini hapo alikosea, na ninalisema mbele ya jeneza lake. Hakuna kijiko kilichopotea. Tungemlisha hivyo hivyo mpaka tuzeeke. Inaniuma, jamani, inaniuma mno.

Ameacha mume, mama mzazi, sisi wadogo zake, mwanawe Boni, na Dorika wa miaka mitano, ambaye leo asubuhi amekataa uji mpaka mama yake apelekewe kwanza.

Mwalimu, pumzika. Mungu akupokee kwa upole.