Ng'ombe za Rais

Pikap ya kwenda soko la Ogwedhi ilibeba mbuzi, pamoja na sisi tuliokubali kusimama nao.

"Kwani ni ngumu aje kumtoa Rais?" aliuliza Phelesia, mchuuzi wa dagaa wa omena aliyekuwa amesalimia kila mtu, mbuzi wakiwemo. "Wabunge wapige kura, aende kwao!"

Mwenye mbuzi, mzee Mkuria aitwaye Mwikwabe, alifikiri mpaka tukavuka daraja. "Mama, kwetu binti akitaka kumwacha mume, ng'ombe za mahari lazima zirudi. Kama wazazi wameshazila, wanamrudisha kwa mumewe."

"Sasa mzee, hiyo inaingiana wapi na Rais?"

"Nauliza tu. Hao wabunge hawajala ng'ombe zake?"

Phelesia alicheka, kisha akaacha kucheka. "Wamekula. Hata kwato hawakubakisha. Lakini sisi wananchi hatukula kitu!"

Nilitaka sana kusikia jibu, lakini pikap ilisimama sokoni. Phelesia alipogeuka kushuka, Rais alitutabasamia kutoka kwenye leso ya kampeni aliyojifunga kiunoni.

"Na hiyo, mama," mzee akauliza kwa upole, "utairudisha lini?"